Msimu wa Mgeni

Anayetaka hadithi ya kumfurahisha na aondoke mapema, maana sikuja kumbembeleza mtu. Mwenye kukaa akae, lakini asije baadaye akasema hakuambiwa.

Huko kwao Sikitu jua lilikuwa limesimama alasiri. Halikuwa limekwama. Lilikuwa limebakiza, kama kila kitu kingine katika mji ule kilivyobakiza, na jua ni nani hata lijitie kimbelembele cha kuzama ilhali wanaume wazima wanatembea na kichwa kilichonyolewa upande mmoja? Wajenzi walipandisha nyumba mpaka juu wakaacha bati moja. Wapishi walipika wakaacha chumvi. Walimu walitunga mtihani wakaacha swali la mwisho, kwa hiyo watoto walioanza msimu wakiwa darasa la tatu walikuwa bado darasa la tatu, wana ndevu, wamekaa kwenye madawati magoti yamewafika kidevuni. Hakimu alisikiliza kesi yote, akavua miwani, akaacha hukumu. Na mkuu wa mji, ambaye muda wake wa kutawala ulikuwa ukingoni, alibakiza siku moja. Hiyo siku moja aliikalia kama kuku aliyeatamia jiwe, na mtu akimuuliza alijibu kwa upole kwamba yeye naye ni mtazamaji tu kama wengine.

Walichokuwa wakikisubiri wote ni mwisho wa tamthilia. Iliitwa Mgeni. Mtu mmoja, kanzu yake imeliwa na vumbi, anatembea barabarani kuelekea nyumba fulani. Amebeba neno. Neno gani, la nani, analipeleka kwa nani, hakuna ajuaye. Basi, ndiyo yote. Kila sehemu alitembea kidogo akakutwa na mkasa: mbwa, mafuriko, mwanamke kisimani, mtu aliyeapa kwamba yeye ndiye mgeni wa kweli na huyu ni mwizi wa kanzu. Na kila sehemu iliishia mguu wake ukiwa hewani, haujakanyaga chini, muziki unapanda, na sauti nzito inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wakashika vifua. Wakaulizana, jamani, kesho itakuwaje. Kesho mguu ulikanyaga, ukainuka mwingine.

Hakuna aliyetoa amri kwamba mambo yabakizwe. Hilo ndilo lililomchefua Sikitu kuliko yote. Wasimamizi wa Msimu, wale mabwana waliokuwa wakitokea kwenye kioo cha televisheni kuanzia shingoni kushuka chini, hawakuwahi kusema mtu asimalize lake. Walisema tu, mara kwa mara, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba mwisho unakuja na utakuwa mwisho ambao haujapata kuonekana. Mengine watu walijifanyia wenyewe. Mmoja aliacha tonge la mwisho kwenye sahani kuonyesha imani, jirani akaona haya kumaliza lake, na kufumba na kufumbua aliyemaliza chochote alitazamwa kama mtu aliyekula mbele ya wafungao. Mtawala gani angeweza kuwafanyia watu hivyo kwa bunduki? Angehitaji askari wangapi? Hawa walihitaji muziki na mguu hewani.

Sasa Sikitu. Alikuwa mke wa Faki. Faki alifia kwenye kiti chake mbele ya kioo, katikati ya sehemu ya mafuriko, mdomo wazi, macho wazi, na kwa kuwa chumba kizima kilikuwa mdomo wazi macho wazi, hakuna aliyejua mpaka muziki ulipopigwa na wengine wakafumba midomo yao. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Hapa sasa ndipo panaponoga." Walimwosha, wakamchukua makaburini, wakamlaza, wakafukia mpaka usawa wa goti. Kisha wakaweka majembe chini wakarudi kuwahi sehemu inayofuata. Udongo uliobaki waliuacha kando ya kaburi, lundo zima, ukaota majani.

Kwa kawaida ya mji ule eda ya mjane haianzi kuhesabiwa mpaka kaburi la mumewe lisawazishwe. Kwa hiyo Sikitu hakuwa mke na hakuwa mjane. Alifungiwa ndani kama mwenye eda, kavaa shuka nyeupe, hajitii manukato, hatoki nje, haongei na mwanamume ila kwa haja, lakini siku zake hazikuwa zikipungua kwa sababu hazikuwa zimeanza. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na hakikuwa kikubwa: kaburi lile lifukiwe, ili siku zake zianze kwenda, ili siku moja zimalizike, atoke, awe mtu. Alikuwa ameomba. Aliomba wazee, wakamwambia subira yavuta heri. Aliomba wachimba kaburi, wakamwambia kawia ufike. Mji mzima ulikuwa umejaa methali, na kila methali ilikuwa na mlango wa kumfungia yeye.

Aliishi na mama mkwe wake, Bi Kazija. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, aliyekuwa akikaa karibu na kioo mpaka mwanga wake ulimgeuza rangi. Kiti cha Faki hakukiondoa. Kila sehemu ilipoanza alimimina kikombe cha kahawa akakiweka mbele ya kiti kile, na kila ilipoisha alikigeukia kiti na kukisimulia kwa sauti ya chini, "Basi mwanangu, yule mbwa kumbe hakuwa mbwa." Kahawa ikipoa alikunywa yeye. Sikitu alikuwa akimtazama kutoka mlangoni mwa chumba chake, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyomchukia. Alimchukia kwa kelele za kikombe, kwa kunong'ona kwake, kwa vile hata siku moja hakuuliza kaburi linaendeleaje na mvua.

Bwana Shebe alikuwa akija barazani. Zamani huyu alikuwa fundi cherehani. Siku hizi alikuwa mchambuzi, na shati alilovaa lilikuwa na mkono mmoja, wa pili aliubakiza. Alikuwa rafiki wa marehemu, hivyo alijipa ruhusa ya kuzungumza na Sikitu kupitia dirishani.

"Shemeji, wametangaza," alisema siku hiyo. "Sehemu ya mwisho imefika. Anafika."

"Akifika iweje?"

"Atalisema neno."

"Na neno likiwa si chochote?"

Bwana Shebe alicheka kwa huruma, kile kicheko cha mtu anayemhurumia kipofu kwa kukosa kuona kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiona. "Haliwezi kuwa si chochote. Fikiria tumengoja kiasi gani."

"Kungoja kwenu kunamhusu nini yeye? Ukimngoja punda miaka mia atageuka farasi?"

"Shemeji, wewe una uchungu."

"Ninao. Mume wangu yuko nusu shimoni."

"Usiseme hivyo. Faki alikuwa mtazamaji mzuri sana," Bwana Shebe alisema, na machozi yakamlengalenga kweli, kwa sababu hilo lilikuwa sifa kubwa kuliko zote walizokuwa nazo.

Kutoka ndani Bi Kazija alisema, "Nyamazeni huko, nisikie."

Sikitu alifunga dirisha akakaa kitandani. Akafikiri juu ya mwisho. Kichwa cha mtu aliyefungiwa hakina adabu, hakibishi hodi, huingia popote. Aliwaza kwamba mwenye njaa akiambiwa chakula kinakuja, njaa ndiyo inayoanza kupika. Inakaanga, inatia nazi, inatia iliki, inaongeza nyama ambazo hakuna mchinjaji anayeziuza. Kila akikawizwa, chungu kile cha kichwani kinanoga zaidi. Hata mpishi wa kweli akitokea na sahani ya kweli, itakuwa sahani tu, na yule mwenye njaa atatazama atasema, ndicho hiki? Basi kosa ni la nani, la mpishi au la njaa? Mtu mpole angesema ni la wote wawili. Sikitu hakuwa mpole tena. Alisema mpishi anajua. Anajua fika kwamba hakuna sahani itakayoweza kushindana na njaa aliyoitengeneza, na kwa kuwa anajua, hajawasha moto. Amekaa jikoni kakunja miguu, anapiga sufuria kwa mwiko ili sauti iwafikie. Debe tupu haliachi kuvuma. Na sisi huku tunasema, mnasikia, anapika.

Kisha mawazo yake yakakatika vipande, kama yalivyokuwa yakimkatikia mara nyingi, na hakujua anayeuliza ni nani na anayejibu ni nani.

Nikae mpaka lini.

Mpaka afike.

Akifika?

Tutapona.

Tunaumwa nini?

Kungoja.

Nani katuambukiza?

Usiulize, utaharibu.

Na Faki, naye anangoja? Au aliyekufa ndiye peke yake aliyemaliza?

Mimi ni Sikitu. Mimi ni mke wa. Mimi ni mjane wa. Mimi nitakuwa. Mbona kila nikijitaja sentensi inaacha mguu hewani?

Lala.

Jua halijazama.

Basi ngoja.

Siku ya sehemu ya mwisho mji ulijiandaa kama bibi harusi. Vinyozi walikaa na nyembe mkononi. Fundi alipanda juu ya paa akashika bati lake kifuani. Hakimu alivaa miwani. Wajawazito waliobakiza uchungu walilazwa mikekani, kila mmoja na mkunga wake, na wakunga wametazama kioo. Wale darasa la tatu walichonga penseli. Hata mkuu wa mji alionekana na sanduku la nguo mlangoni, ingawa waliolinyanyua walisema lilikuwa jepesi mno. Bi Kazija alimimina kahawa, akamwaga kidogo kwenye sahani. Hakufuta.

Sikitu alitoka chumbani akasimama nyuma yake. Siku hiyo naye alitazama. Nisiwafiche: alitazama kwa hamu. Chuki yote ile, na bado moyo ulimdunda. Alijisemea kwamba huenda, nani ajuaye, huenda wakatenda haki mara moja tu.

Kwenye kioo Mgeni alikuwa amekunja kona. Nyumba ilionekana. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ukuta wa chokaa, mlango wa mbao, mkeka umeanikwa dirishani. Sikitu aliutambua mkeka. Ulikuwa wake. Akageuka, akauona uleule dirishani mwao, na kutoka nyumba za jirani akasikia watu wakishangaa mmoja baada ya mwingine, "Nyumba yangu hiyo," "Ukuta wangu huo," kwa sababu kila mtu aliiona yake. Mgeni alisogea. Mguu uliinuka, na kwa mara ya kwanza ukashuka bila muziki. Akainua mkono. Na hodi ilipogongwa iligongwa kwenye kioo na kwenye mlango wao kwa wakati mmoja, mbao kweli, mkono kweli.

"Hodi," Mgeni alisema.

"Karibu," mji mzima ulijibu, sauti moja, wazee na wagonjwa na wale waliolazwa mikekani, na milango yote ikafunguliwa.

Sikitu ndiye aliyefungua wa kwao. Mtu alisimama mbele yake, mfupi kuliko alivyoonekana kwenye kioo, macho mekundu, midomo imepasuka kwa kiu. Nyuma yake Sikitu alisikia kikombe kikigongana na sahani. Mgeni alimeza mate. Akafungua kinywa.

"Samahani," alisema. "Nimekosea nyumba."

Akageuka. Muziki ukapigwa.

Watu walikaa wakitazama milango iliyo wazi. Fundi wa paa bado alikuwa amelikumbatia bati lake. Halafu mtu mmoja mahali fulani alipiga makofi, yale makofi ya kuogopa, na wa pili akaogopa kuachwa. Bwana Shebe alitokea uwanjani, mkono wake mmoja wa shati unapepea, uso unang'aa jasho.

"Mmeona?" alisema. "Mmeelewa lakini? Hakukosea yeye. Nyumba ndiyo iliyokosea. Sisi ndio nyumba. Wallahi hawa watu wana akili."

"Mimi nilidhani angesema kitu," alisema mmoja wa wale darasa la tatu, akijikuna ndevu.

"Amesema kutosema. Wewe bado mdogo."

Na kabla hasira haijapata miguu, Wasimamizi wakatokea kwenye kioo, suti nzuri, shingo bila vichwa. Walishukuru. Walisema msimu wa pili unaanza sasa hivi, na kwamba Mgeni anaelekea nyumba ya jirani. Na kwa kuwa kila nyumba ni ya jirani wa mtu, kila mtu alipata tumaini upya. Vinyozi walikunja nyembe. Hakimu alivua miwani. Wakunga waliwaambia wajawazito wajizuie kidogo tu. Mkuu wa mji aliingiza sanduku lake ndani, akapepesuka kwa uzito ambao haukuwepo.

Bi Kazija alikuwa amekigeukia kiti cha Faki. Uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha, na hilo Sikitu hakulitarajia. Alidhani atamkuta kavunjika kama yeye.

"Umesikia, mwanangu?" Bi Kazija alikiambia kiti. "Kumbe bado."

Ndipo Sikitu alipoelewa kwamba mama huyu hakuwa akingoja mwisho. Alikuwa akiomba usije. Mwisho mbovu kwake ulikuwa zawadi, na pengine nusu ya wale waliokuwa wakipiga makofi walikuwa na kiti chao nyumbani ambacho hawataki kukiondoa. Kuelewa hakukumpunguzia chuki. Kulimwongezea, maana sasa aliona nani amekaa juu ya lile kaburi lililo wazi.

Alitoka nje na shuka yake nyeupe, kichwa wazi, mbele ya watu. Mgeni hakuwa amefika mbali. Sikitu alimkamata kanzu mgongoni.

"Wee. Simama."

"Nimeshaomba radhi, bibi."

"Umeomba radhi kwa mgongo. Neno liko wapi?"

"Neno gani?"

"Ulilobeba."

Mgeni alitazama kulia na kushoto, akimtafuta mtu wa kumwambia afanye nini. Hakumwona. "Sina," alisema. "Hawakunipa neno. Walinipa barabara tu. Nikiuliza, wanasema neno linaandikwa, wewe tembea."

"Na leo?"

"Leo wameniambia, sema umekosea nyumba. Nikawauliza, hivi watu hawatakasirika? Wakasema watakasirika kidogo, kisha wataona njaa, watakwenda kula."

"Unaitwa nani?"

Alifikiri. "Nilikuwa na jina. Mke wangu alikuwa akiniita. Nilipotoka nyumbani nilimwambia nitarudi jioni." Akalitazama jua lililosimama alasiri. "Nadhani bado ananihesabu nimewahi."

Sikitu alikuwa ametoka na hasira ya kuua, na sasa hasira ile ilizunguka ikatafuta pa kutua. Mtu mwenyewe huyu, miguu imevimba, hata jina hana. Lakini hasira haipendi kurudi nyumbani mikono mitupu, na Sikitu hakuwa na nia ya kuirudisha.

"Mgeni siku mbili," alimwambia, "siku ya tatu mpe jembe. Wewe kwetu umekaa kiasi gani?"

Sikitu aliingia uani, akatoka na jembe, akamtia mkononi, akamsukuma mbele yake. Watu walipiga kelele kwamba mjane anatoka, kwamba huyo si mjane, kwamba wanawake hawaendi makaburini, kwamba anamwiba Mgeni. Hakuna aliyewafuata, kwa sababu kumfuata kulimaanisha kukiacha kioo, na kwenye kioo msimu wa pili ulikuwa umeshaanza, barabara inaonekana, na wakati wowote Mgeni angetokea.

Makaburi yote ya mji ule yalikuwa wazi usawa wa goti, safu kwa safu, kila moja na lundo la udongo kando yake. La Faki lilikuwa la pembeni. Maji ya mvua yalikuwa yamekauka ndani yakaacha ufa.

"Fukia," Sikitu alisema.

Mgeni aliinua jembe juu ya kichwa, na likabaki hukohuko. Alisimama nalo hewani, macho mbele, anangoja.

"Lishushe. Hapa hakuna muziki."

Alilishusha. Udongo ulikuwa umeshikana kwa mizizi, ulitoka kwa mabonge. Polepole mwili wake ukakumbuka kazi ina mwanzo na ina mwisho, akaanza kutoa jasho, akaanza kuhema, na Sikitu kwa mikono yake aliyavunja mabonge akayatupa ndani. Hakuomba dua. Kichwani alikuwa akimsema Faki: uliniacha kwa ajili ya mafuriko ya uongo. Sikuwa hata na nafasi ya kukulilia, nilikuwa nangoja pamoja nawe. Shika udongo wako.

Kaburi lilikuwa limekaribia kujaa Bi Kazija alipofika. Alikuja mbio bila viatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukipa kioo kisogo.

"Kimebaki na barabara tupu," alisema, pumzi zinamkatika. "Watu wanatazama barabara tupu. Mrudisheni." Kisha akaona kaburi. "Sikitu. Bakiza kidogo."

"Sibakizi."

"Kikapu kimoja tu, mwanangu. Kikapu kimoja kitakudhuru nini? Likijaa hilo, mimi ni mama wa nani?"

"Mama wa Faki. Aliyekufa."

"Usilitamke."

"Amekufa, mama. Alikufa umekaa karibu yake, na mimi nimekaa karibu yake, na hatukujua kwa sababu tulikuwa tunatazama mtu anavuka maji."

Bi Kazija alijitupa. Alilala kifudifudi juu ya ile sehemu iliyobaki, mikono kaitandaza, kama mtu anayeziba tobo la paa kwa mwili wake.

"Inuka," Sikitu alisema.

"Siinuki."

"Basi nitakufukia nawe." Na hakuwa akitania. Alimpokonya Mgeni jembe, akavuta udongo, ukamwangukia mama mkwe wake mgongoni. Mgeni alitoa sauti ya kumkataza. Sikitu alivuta tena. Udongo uliingia kwenye nywele za Bi Kazija, ukaingia shingoni. Katika maisha yake hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia mwanamke huyu wakati huo, na hakuona haya.

Mara ya tatu Bi Kazija alishtuka. Aligeuza uso ukiwa umejaa vumbi.

"Mzito," alisema.

Sikitu alilisimamisha jembe chini.

"Mzito hivi? Na baridi hivi? Mwanangu yuko chini ya huu?"

"Yuko chini yake."

Bi Kazija aliinuka kwa magoti. Alitazama viganja vyake kwa muda, kisha akavizamisha kwenye lundo la udongo, akaukumba, akausukuma ndani. Alifanya hivyo tena na tena, bila kumtazama mtu, anafukia kwa haraka ya mama anayemfunika mtoto aliyeachwa wazi. Sikitu hakumsaidia. Kaburi lilijaa, likasawazika, likapanda kidogo juu ya ardhi kama kaburi la mtu linavyotakiwa kupanda.

"Naweza kwenda?" Mgeni aliuliza.

"Nenda kwako," Sikitu alimwambia. "Na ukifika usipige hodi. Fungua mlango uingie."

Aliondoka, akipitia kwenye majani, mbali na barabara. Sikitu alikaa chini upande mmoja wa kaburi na Bi Kazija upande wa pili. Hawakushikana mikono, na hawakuwa wamesameheana. Eda ya Sikitu ilikuwa imeanza. Aliisikia ikianza, maumivu ya kawaida kabisa, yenye uzito wake na yenye siku zake, na akayakaribisha.

Ndipo Bi Kazija alipopiga ukunga. Tangu mwanawe afe hakuwahi kulia, na sasa kilio kilimtoka kizima, kikapita juu ya makaburi yale yote yaliyo wazi, kikafika mjini na kuingia kwenye kila nyumba ambayo mlango wake ulikuwa bado haujafungwa. Watu walikisikia. Bwana Shebe alikisikia. Wote wakaongeza sauti ya televisheni, na kwenye kioo kulikuwa na barabara tu, haina mtu.